Nyanya za kula na nyanya za kuuza

Kwa miaka sita shamba letu la Ilula, mkoani Iringa, lilikuwa na nyanya za aina mbili. Chini, kwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni yenye unyevu, karibu na kijito, zilikuwa nyanya za kuuza, na hizo zilipuliziwa dawa kila wiki. Nyuma ya jiko kulikuwa na mashina kumi na mawili ya nyanya za kula, ambayo mume wangu hakuyasogelea na bomba la kupulizia hata siku moja. Hatukuwahi kukaa tukakubaliana hivyo. Ilitokea tu, na ukipita majirani zetu utakuta kaya nyingi zinafanya hivyo hivyo bila kulisema. Naandika haya kwa wakulima wenzangu, na hasa kwa akina mama, kwa kuwa sisi ndio tunaofua nguo za kupulizia, tunaochota maji na tunaopika.

Wengi wanaifahamu Ilula kwa kupita. Basi la kwenda Mbeya linasimama, ndoo za nyanya na vitunguu zinapandishwa dirishani, safari inaendelea. Sisi wa hapa tunaijua pia kwa harufu ya dawa asubuhi. Zamani tulipulizia hasa kwa ajili ya bakajani, ugonjwa wa ukungu unaobabua majani. Kisha mwaka 2014 kantangaze akaingia nchini, nondo mdogo ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, na mambo yakabadilika. Funza wake hakai juu ya jani. Anaishi ndani, kati ya ngozi mbili za jani, na anatoboa hadi kwenye tunda, kwa hiyo dawa nyingi zinapita juu yake bila kumgusa. Anazaliana haraka, na wale wanaopona hurithisha usugu kwa watoto wao. Tulipoona dawa moja haifanyi kazi tukachanganya mbili. Mbili zikashindwa, tukaongeza ya tatu. Msimu mmoja nilihesabu mizunguko kumi na minne ya kupulizia, kuanzia kuhamisha miche hadi kuvuna.

Siku iliyonifumbua macho ilikuwa mwezi wa Februari. Mvua zilitulia siku mbili, mume wangu akaona awahi. Bomba lilikuwa linavuja kwenye kifuniko, tulijua, na tulikuwa tumelifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Alipulizia toka saa tatu hadi saa nane. Alirudi shati limelowa mgongo mzima, tukasema ni jasho. Akala vizuri, akaketi uani. Baada ya muda akaanza kutokwa na mate asiweze kuyameza, macho yanabubujika machozi, tumbo linamkata, na nilipomsogelea niliona mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, mpe maziwa, yanaua sumu." Nikampa. Akayatapika yote.

Zahanati tulifika na pikipiki. Tabibu hakuuliza amekula nini. Aliuliza, "Mama, kopo la dawa liko wapi?" Sikuwa nalo. Shemeji ikabidi arudi shambani kulitafuta kwenye majani wakati mgonjwa amelala kitandani. Lilipoletwa tabibu akasoma lebo, akamchoma sindano za atropini, dawa ya kukabili sumu hiyo, na kazi ya kwanza aliyotupa sisi ilikuwa kumvua zile nguo na kumwosha mwili mzima kwa sabuni. Alitueleza kwamba dawa ile ni ya jamii ya oganofosfeti, ambazo zinazuia mwili kuzima ishara za neva. Ishara ikishawaka inabaki imewaka, ndiyo maana mate, machozi na jasho vinamwagika bila kukoma. Na inaingia kwa ngozi. Muda wote aliokaa uani na shati lile, na muda wote tulioutumia kuhangaika na maziwa, sumu ilikuwa inaendelea kuingia.

Kwa hiyo la kwanza ninalokuomba ulishike: mtu akizidiwa baada ya kupulizia, mvue nguo hapo hapo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, chukua kopo lenye lebo yake, kimbia zahanati. Maziwa hayaondoi sumu hii. Yanakupotezea muda tu.

Mume wangu alipona. Lakini usiku ule, nikiwa nimeketi pembeni ya kitanda, nilianza kufuata njia ya lile shati. Ningelifua kesho yake kwenye beseni lile lile ninalofulia nguo za mtoto. Maji ya suuza ningeyamwaga uani, kuku wanakodonoa. Na bomba lenyewe lilikuwa limeoshwa wapi? Kijitoni, kama siku zote, maana ndiko maji yalikokuwa karibu. Mita mia moja chini ya pale mama mkwe ana kisima cha kuchimba. Tulikuwa tumejitengea nyanya safi nyuma ya jiko, na maji ya kuzimwagilia tulikuwa tunayachota kwenye kijito hicho hicho.

Wiki iliyofuata nilikwenda kijitoni nikakaa. Nilipoolewa hapa viluwiluwi wa vyura walijaa kwenye madimbwi ya pembeni, watoto walikuwa wakiwachota na makopo. Sikuona hata mmoja. Sisi wa mkoa wa Iringa pareto, lile ua la kuulia wadudu, tunalifahamu, wenzetu wa Mufindi wanalilima na kiwanda kiko Mafinga. Dawa nyingi za wadudu tunazonunua dukani zilitengenezwa kwa kuiga sumu iliyo kwenye ua la pareto. Tofauti ni kwamba ile ya ua huvunjika upesi ikipigwa na jua, na hizi za kiwandani zimeundwa zidumu. Samaki na viumbe wengine wa majini huzihimili kwa shida sana, hata zikiwa kidogo. Na vyura wale wale ndio waliokuwa wanakula wadudu wetu bure.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Najua maneno hayo yanauma kwa watu wa vinyungu, kwa sababu kinyungu ndicho kinachotulisha kiangazi. Nasema tulichofanya sisi: nyanya tulizipandisha juu, ukingo tumeuachia matete na majani ya kulisha ng'ombe, na bomba linaoshewa shambani, maji ya suuza yanapuliziwa kwenye mahindi ya mpakani. Kopo likiisha linasuuzwa mara tatu, maji yake yanarudi kwenye bomba, kisha linatobolewa lisije likageuka la kuwekea chumvi. Nimeona chumvi kwenye kopo la sumu, jikoni kwa mtu ninayempenda.

Sasa nije kwenye chakula chenyewe, maana hapa ndipo tunapowaumiza watu tusiowajua.

Kila dawa ina siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, na siku hizo zimeandikwa kwenye lebo. Tulikuwa hatuzifuati, na sababu haikuwa kutojua kusoma. Sababu ni gari. Dalali anapiga simu jioni: "Dada, Fuso linaingia kesho, nina nafasi ya matenga thelathini, bei nzuri." Wewe umepulizia asubuhi ya leo. Ukikataa, gari lijalo hujui ni lini, na nyanya iliyoiva haisubiri. Unachuma. Nilizichuma mimi mwenyewe, zina unga mweupe wa dawa kwenye kikonyo, nikawa nazifuta na kanga kabla ya kuzipanga kwenye tenga. Keshokutwa yake mtu wa Dar es Salaam alikuwa anazikatia kachumbari.

Tulichobadilisha ni kidogo na kimesaidia kuliko yote. Kabla bomba halijatiwa maji, mmoja wetu anampigia dalali kuuliza magari ya wiki hiyo. Kisha tunaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo: jina la dawa, tarehe ya kupulizia, tarehe ya kuruhusiwa kuchuma. Kama gari liko karibu, hatupulizii, hata kama bakajani imeonekana; tunachuma zilizoiva kwanza, ndipo tunapulizia zilizobaki. Dalali alilalamika misimu miwili. Siku hizi anauliza mwenyewe, "Ukuta unasemaje?"

Kwako wewe mpishi wa mjini, kuna jambo moja linalohusu ule unga. Dawa ya ukungu inayotumika sana kwenye nyanya ni mankozebu. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutohuisha kibali chake kwa ajili ya madhara yake kwa uzazi na homoni. Hapa kwetu bado ipo madukani. Kwa kiasi kikubwa inabaki juu ya ganda, kwa hiyo maji yanayotiririka na kusugua kwa mkono vinaondoa sehemu kubwa. Lakini ikipashwa moto inageuka kuwa kitu kingine kinachoathiri tezi ya shingo. Osha kabla ya kukata, osha kabla ya kubandika, na ukiweza menya. Kuna dawa nyingine zinazoingia hadi ndani ya nyama ya tunda, na hizo hakuna maji yatakayozitoa. Hizo mwenye uwezo wa kukuepusha nazo ni mkulima peke yake, kwa kusubiri.

Shambani hatujaacha dawa kabisa, na sitaki nikudanganye. Tumeshuka kutoka mizunguko kumi na minne hadi mitano au sita. Bakajani hupenda jani lililolowa, kwa hiyo tunamwagilia chini kwenye shina, asubuhi, tunasimika nyanya kwa miti na kamba zipate hewa, na tunatandaza nyasi kavu ili matone ya mvua yasirushe udongo kwenye majani ya chini. Nyanya haifuati nyanya, wala viazi mviringo, bilinganya au pilipili hoho, maana wote ni ukoo mmoja na wanarithishana magonjwa. Baada ya nyanya tunaweka mahindi na maharage. Kwa kantangaze tunatega beseni la maji ya sabuni lenye kidonge cha harufu ya jike juu yake, madume yanatumbukia. Majani yenye michirizi nachuma mwenyewe, nayafunga kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani. Ni kazi ya mgongo, na msimu wa kwanza mavuno yalishuka tukaumia. Wa pili tulilingana na majirani, na fedha ya dawa ilibaki mfukoni.

Tukilazimika kupulizia tunafanya jioni. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya jua kali, na nyuki wanalifanyia kazi saa hizo hizo tulizokuwa tunapulizia sisi. Nilikuwa nalaumu mbegu kwa maboga kudondoka yakiwa madogo kama ngumi, kumbe maua yalikosa nyuki wa kuyachavusha. Na dukani tazama mkanda wa rangi chini ya lebo: mwekundu ndio wa sumu kali zaidi, kisha njano, bluu, na kijani. Angalia pia kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Iliyomiminwa kwenye chupa ya soda usiinunue hata kwa nusu bei.

Yale mashina kumi na mawili ya nyuma ya jiko yalikauka mwaka juzi na sikupanda mengine. Nikitaka nyanya za mboga nachukua bakuli nashuka shambani, kwenye zile zile zinazopanda Fuso. Napitia stoo kwanza kusoma ukuta. Tarehe kama haijafika, siku hiyo tunakula majani ya maboga.