Muulize Mama Dodoso: "Umewahi kumpenda mtu wa jinsia yako?"

SWALI: Shikamoo Mama Dodoso. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dar, utafiti wangu ni wa afya ya vijana wa miaka 13 hadi 17. Dodoso nimelitoa Marekani nikalitafsiri. Kuhusu mwelekeo wa kimapenzi lina swali moja tu: "Je, umewahi kumpenda mtu wa jinsia yako?" Kwenye majaribio karibu darasa zima limejibu ndiyo. Msimamizi wangu amecheka. Nakutumia nakala uione.
Mwanafunzi, Sinza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hata mimi ningejibu ndiyo. Nampenda dada yangu wa Mbagala, nampenda na jirani anayenikopesha mkaa. Kupenda kwetu kunabeba mengi mno.

Miaka ile nazunguka na madodoso Temeke, tulipewa karatasi yenye neno "shoga". Aliyeiandika alisahau kwamba wanawake wa Pwani tunaitana hivyo, na mvulana ukimwita hivyo umemtukana. Binti mmoja wa kidato cha pili akajaza: "Ninao watatu, mmoja kahamia Tanga."

Usione haya, Wamarekani nao yamewakuta. Utafiti wao mkubwa wa afya ya vijana, Add Health, ulioanza 1994, uliwauliza wanafunzi kuhusu mvuto wa kimapenzi. Mwaka 2014 watafiti Savin-Williams na Joyner wakasema wengi waliotaja mvuto kwa jinsia yao walikuja kujitambulisha tofauti ukubwani. Walidai pengine baadhi hawakulielewa swali, pengine wengine walifanya mzaha. Watafiti wenzao wakawapinga, na mimi naona Savin-Williams na Joyner walihukumu haraka, maana kijana aliyeogopa naye hubadili jibu.

Sasa tenganisha. Anavutiwa kimahaba na nani ni swali lake. Amewahi kufanya tendo na nani ni jingine. Anajiitaje ni la tatu, na usishangae majibu yakipishana kwa mtoto yuleyule. Weka pia kisanduku cha "sina hakika". Kule jimbo la Minnesota, Marekani, kwenye utafiti wa Remafedi na wenzake uliotoka 1992, kati ya wanafunzi 34,706 asilimia 10.7 hawakuwa na hakika. Wa miaka 12 walikuwa asilimia 25.9, wa miaka 17 asilimia 5. Ukikiondoa kisanduku hicho, wa miaka 13 atabahatisha.

Na umewakalisha wapi? Watatu dawati moja, nawajua. Mwaka 1995 wavulana wa Marekani wa miaka 15 hadi 19 waliulizwa kuhusu tendo na mwanamume mwenzao: waliojaza karatasi, asilimia 1.5 walikubali, waliosikiliza swali kwa spika za masikioni na kujibu kwenye kompyuta, asilimia 5.5. Kama huna vifaa, tafuta hata chumba cha mtihani chenye madawati yaliyoachana.

Kilichoninyima usingizi ni mstari wa juu wa nakala yako: "Jina kamili na shule." Hapa kwetu tendo hilo ni kosa la jinai, na hao ni watoto wa watu! Kibali cha maadili ulipewaje na mstari huo? Chukua mkasi leo, kata vipande vyote vya majina kabla karatasi hazijafika kwa karani wa kuingiza data.