Kiatu kizima si mabaki

SWALI: Nimetembelea makumbusho ya Vindolanda, ngome ya kale ya Warumi kaskazini mwa Uingereza, nikaona viatu, vitana na barua za askari wa Kirumi. Katika simulizi ninayoiandika, vitu hivyo niviite mabaki, masalia au malikale? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu msomaji, umenitonesha donda. Siku hizi kila kinachofukuliwa ardhini, hata kikitoka kizima, huitwa "mabaki", neno la asili ya Kiarabu litajalo kilichosalia baada ya kingine kutumika au kuondoka. Mabaki ya pilau nayajua, na mabaki ya kitambaa fundi wangu hunirudishia shingo upande. Lakini kiatu cha ngozi kilichotunzwa na udongo mnyevu usio na hewa kwa takriban miaka 1,900, nacho bado kinavalika kwa macho, ni mabaki ya nini? Huko Vindolanda wamekwisha kufukua viatu zaidi ya 5,000.

Kilichonimaliza ni kile kiti cha choo cha mbao kilichopatikana hapo mwaka 2014. Mwandishi mmoja, ambaye namsitiri, alikiita "mabaki ya choo cha Warumi". Mtu mwenye Kiswahili cha nyumbani akisikia mabaki ya choo huziba pua kwanza, ndipo aulize habari za historia. Kiti chenyewe ni kizima, kimelainika kwa kukaliwa, na mabaki hayo anayoyasema mwandishi wetu, alhamdulillahi, hayamo.

"Masalia" ni ndugu wa mabaki na kosa lao ni moja. "Malikale" nalivumilia, kwa kuwa ofisini lina kazi yake, ila ni jina la jumla linalokumbatia hata majengo, na kukiita kitana kimoja malikale ni sawa na kumwita mtoto mmoja ukoo.

Wewe taja kitu kwa jina lake. Katika mojawapo ya barua hizo ulizoziona, zilizoandikwa kwa wino juu ya vibao vyembamba, mtu anamwarifu mwenzake kwamba amempelekea soksi, makubazi na chupi. Hakuona haja ya neno kubwa zaidi. Ukilazimika kuvijumlisha, "vifaa vya kale" vinatosha. Mabaki yaachie ule ukuta wa Hadrian, mfalme wa Kirumi, ulio jirani, ulioanza kujengwa mwaka 122, ambao wenyeji waliubomoa mawe wakajengea nyumba na makanisa. Hapo sina ugomvi nawe.