Kikaoni Naambiwa "Tutaliangalia": Nifanyeje?

Swali: Kaka, shikamoo. Mimi ni mhandisi wa programu katika taasisi moja ya umma hapa Mtumba, Mji wa Serikali Dodoma. Nakala rudufu ya kanzidata yetu, yaani hifadhi ya taarifa zote za mfumo, huchukuliwa kila siku saa nane usiku, ila inakaa kwenye diski ndani ya chumba kilekile cha seva. Nimeeleza hatari hiyo vikaoni, hadi kwa michoro. Mkurugenzi anasema "tutaliangalia", imeishia hapo. Mhasibu akiomba kitu, anapewa. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Kwenye ufundi hujakosea. Nakala inayolala chumba kimoja na seva itaungua nayo; ndiyo maana wenye fani hutaka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Lakini ulipomaliza michoro yako, ulimwomba mkurugenzi nini hasa? Shilingi ngapi, kutoka kasma ipi, yaani fungu gani la bajeti? Mhasibu huja na hayo mkononi.

Anza na jaribio. Chukua nakala ya jana, irejeshe kwenye mashine ya pembeni, pima muda. Wengi hawajawahi kujaribu, na wengine hugundua siku ya msiba kwamba faili halifunguki. Jaribio hilo litakupa majibu ya maswali mawili anayoyaelewa bosi yeyote: tukianguka tunapoteza kazi ya saa ngapi, na huduma itarudi baada ya muda gani? Habari za replikesheni na klasta, yaani mbinu za kunakili data na kuunganisha seva kadhaa, ziache kwenye kitengo chenu. Sema hivi: "Seva ikifa saa kumi jioni, kila kilichoingizwa tangu saa nane usiku kimepotea. Waliolipa leo kwa kontroo namba watakuja na risiti ambazo mfumo wetu hauzitambui."

Na maneno hayo yasisikike kwa mara ya kwanza kikaoni. Mfuate mhasibu ofisini kwake, maana yeye ndiye atakayekesha akisuluhisha hesabu siku hiyo. Pita na kwa mkaguzi wa ndani, umweleze hali ilivyo, basi. Usimtishie mtu hoja ya ukaguzi. Mkurugenzi anazijua kuliko wewe.

Kisha andika dokezo sabili, yaani waraka mfupi wa ndani ya ofisi, ukurasa mmoja, ombi likiwa kwenye aya ya kwanza. Ofisi zetu huamua juu ya kilichomo kwenye jalada. Lipitie kwa mkuu wako wa TEHAMA, hata kama unamwona mzito. Mpe rasimu aisahihishe, na akitaka kuliwasilisha yeye mbele ya menejimenti, mwachie. Najua inauma, lakini unachotafuta ni nakala nje ya jengo. Weka njia mbili zenye gharama zake: ile kamili, na ile ya kuanzia, mathalani diski zilizofungwa kwa nywila zinazopelekwa kila wiki kwenye jengo lenu jingine.

Angalia na kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na Bunge linapoanza kujadili bajeti hapa Dodoma mwezi Aprili, makadirio yenu yameshapita mikononi mwa wengi. Peleka ombi wakati idara zinaandaa maoteo ya bajeti.

Ukiambiwa tena "tutaliangalia", uliza kwa upole palepale: "Sawa mkurugenzi, nilete dokezo lini?" Tarehe atakayoitaja, mwombe katibu wa kikao aiingize kwenye muhtasari, pamoja na jina la mhusika.