MASWALI YA WASOMAJI: Irabu ndefu za Kiingereza kwa mtoto aliyeanza na Kiswahili

Katika toleo hili safu yote tumeitenga kwa jambo moja, kwa sababu barua nyingi tulizozipokea tangu shule zifunguliwe zinalihusu: watoto waliozoea kusoma Kiswahili wanavyokwama kwenye irabu za Kiingereza. Majibu yanatolewa na mwalimu wa madarasa ya mwanzo anayeiandika safu hii.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka saba. Alijifunza kusoma Kiswahili nyumbani kwa silabi, na alikuwa akisoma bila taabu kabla hajaanza darasa la kwanza. Mwaka huu tumemhamishia shule ya mchepuo wa Kiingereza, na sasa akikutana na neno 'cake' anasoma "ka-ke", 'rain' anasoma "ra-ini" na 'boat' anasoma "bo-ati". Tumeambiwa tuache kumsomesha Kiswahili nyumbani kwa kuwa kinamharibia. Je, ni kweli?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Si kweli, na ushauri huo usiufuate. Mwanao anafanya kwa uaminifu kile ambacho Kiswahili kimemfundisha, kwamba kila irabu ina sauti moja na kwamba kila herufi iliyoandikwa sharti itamkwe. Anayesoma "maini" na "toa" hana sababu ya kudhani kwamba 'rain' na 'boat' husomwa kwa namna nyingine mpaka mtu amweleze. Kuona herufi, kukumbuka sauti yake na kuiunganisha na inayofuata ndiyo kazi ya msingi katika lugha zote mbili, na kazi hiyo mwanao ameshaimaliza kwa lugha ambayo tahajia yake haina hila. Endeleeni na Kiswahili.

Ugumu uko upande wa Kiingereza. Kina herufi tano za irabu kama sisi, lakini sauti za irabu katika matamshi ya kusini mwa Uingereza, yale yanayofuatwa na kamusi nyingi tunazotumia, hufika 20 hivi. Zaidi ya miaka 600 iliyopita Waingereza wenyewe walilitamka neno 'name' kwa silabi mbili, karibu kabisa na mwanao atakavyolisoma leo. Baadaye 'e' ya mwisho ikaacha kutamkwa, na kati ya miaka ya 1400 na 1700 irabu zao ndefu zikahama mahali pake mdomoni, moja baada ya nyingine. William Caxton alifungua duka la uchapaji Westminster mwaka 1476, katikati ya uhamaji huo, na wachapaji wakaendelea kuyachapa maneno kwa sura ya zamani ilhali watu walikuwa wameshabadili namna ya kuyatamka. Sisemi umsimulie haya mtoto wa miaka saba. Nayaandika ili mzazi na mwalimu wasimkaripie kwa kusoma kile kilichoandikwa.

Yeye mwambie jambo moja tu, kwamba katika Kiingereza herufi mbili mara nyingi hushirikiana kutoa sauti moja ya irabu. Wazo hilo si geni kwake, kwani anaposoma "shule" hatamki 's' kisha 'h', na anaposoma "chai" hatenganishi 'c' na 'h'. Kisha tafuta vizibo vya soda uviweke mezani. Tamka 'boat' polepole, bila kumwonyesha maandishi, na umtake asogeze kizibo kimoja kwa kila sauti anayoisikia. Vitasogea vitatu. Ndipo umwandikie neno hilo lenye herufi nne chini ya vizibo vile vitatu, na umuulize ni herufi zipi mbili zitakazokaa chini ya kizibo kimoja. Fanya hivyo kwa 'rain', kwa 'feet', halafu kwa 'night', ambalo lina herufi tano na bado vizibo ni vitatu. Watoto wengi hucheka wanapofika hapo, na kwa maoni yangu wana haki.

SWALI: Ninafundisha darasa la pili kwa mbinu ya foniksi, yaani kusoma kwa kuunganisha herufi na sauti zake. Nikiwaambia wanafunzi kwamba 'a' ya 'cake' ni irabu ndefu, wanaivuta: "keeek". Nikiwasahihisha wanauliza, basi urefu wake uko wapi? Na je, nianze na irabu ipi?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wako wana hoja. Katika Kiswahili kuvuta irabu ni jambo la kweli na hubadili maana, kama inavyoonekana katika "pa" na "paa", kwa hiyo mtoto akisikia neno "ndefu" anavuta. Katika foniksi jina hilo ni la urithi tu. Kinachobadilika hasa ni sauti yenyewe: irabu inaitwa ndefu inapotamkwa kama jina lake linavyotajwa katika alfabeti ya Kiingereza. Mimi huwapa watoto maneno ya Kiswahili ya kushikia. Sauti ya 'a' katika 'cake' ni ile ya mwisho wa "bei", ikitamkwa kwa pumzi moja bila kukatwa mara mbili. Ya 'i' katika 'kite' imo ndani ya "chai", na ya 'u' katika 'cube' ni mwanzo wa "yule". Sauti ya 'ee' katika 'tree' ni 'i' yetu ikivutwa kidogo huku midomo imetanuka, na hiyo ndiyo pekee ambayo urefu wake mtoto atausikia kwa urahisi. Kwa 'o' ya 'boat' sina neno la Kiswahili la kukupa; onyesha kwa mdomo wako, ukianza na 'o' na kumalizia kwa kukunja midomo kana kwamba unataka kusema 'u'.

Hazina nyingine ni maneno tuliyoyakopa. Waliotuletea "keki", "geti", "tepu" na "treni" waliyaandika kwa sikio, wala hawakujali tahajia ya Kiingereza. Vivyo hivyo "laini", "faili" na "maili", "koti", "boti" na "noti", "timu" na "wiki". Andika "geti" upande mmoja wa ubao na 'gate' upande wa pili, uwaache watoto wenyewe wagundue ni herufi zipi za Kiingereza zinazofanya kazi ya 'e' yetu. Darasa la pili hulifurahia zoezi hili, nalo huwapa kitu cha kukumbuka wanapokutana na neno jipya. Lakini msiishie hapo, kwa sababu mtoto anayesoma 'gate' kwa 'e' fupi ya "geti" atashindwa kulitofautisha na 'get', atachanganya 'wet' na 'wait', na 'pen' na 'pain'. Baada ya "geti" warudishe kwenye "bei".

Kuhusu mpangilio, usizianzishe zote tano kwa wiki moja. Anza na 'a' katika maneno yanayomalizikia kwa 'e' isiyotamkwa, kama 'tape' na 'cake', kaa nayo mpaka wasome na kuandika bila kusukumwa, ndipo uende kwenye 'i' ya 'kite' na 'o' ya 'hope'. Ya 'u' icheleweshe kidogo, kwa sababu 'cube' ina "yu" lakini 'rule' ina 'u' tupu. Kwa sauti ndefu ya 'e' usitumie mtindo huu kabisa. Maneno kama 'these' ni machache mno, kwa hiyo anza moja kwa moja na 'ee'.

Kata kipande cha karatasi ya manila chenye upana wa vidole viwili, andika 'tape' kwa kalamu ya wino mzito, kisha kunja herufi ya mwisho iende nyuma. Mtoto anasoma 'tap'. Ikunjue ile 'e', naye anasoma 'tape'. Mpe kipande akikunje na kukikunjua mwenyewe mara kadhaa, maana mkono wake unamwonyesha kwamba 'e' ile haikusema neno, ila imeibadilisha irabu iliyoitangulia. Tengeneza vingine vya 'kite', 'hope' na 'cube'. Vikishazoeleka, cheza nao kwa maneno ambayo sura yake inafanana katika lugha zote mbili: 'pale', 'vile', 'wake', 'pole'. Waandikie sentensi mbili, "Kaa pale" na 'She looks pale', wazisome zote. Hapo utaona kama mtoto amejua kubadili lugha anapobadili sentensi. Siku ya kwanza ya somo, hata hivyo, maneno haya usiyaguse.

Watakuuliza kuhusu 'have', 'give' na 'love'. Waambie ukweli: Kiingereza hakipendi kumalizia neno kwa 'v', kwa hiyo 'e' imewekwa pale kuisindikiza 'v', na haina habari na irabu. 'Come', 'some' na 'one' ni ya kukariri tu.

SWALI: Binti yangu anakuja nyumbani akiimba kibwagizo cha Kiingereza kinachosema kwamba irabu mbili zikitembea pamoja, ya kwanza ndiyo inayoongea. Nilimwonyesha 'bread', 'said' na 'house', akachanganyikiwa. Je, kanuni hiyo ni ya kweli?
Baba, Dar es Salaam

JIBU: Ni ya kweli kwa maneno pungufu ya nusu, na kwa mtazamo wangu haistahili kufundishwa. Mwaka 1963 mtafiti wa Marekani, Theodore Clymer, alizichunguza kanuni 45 zilizokuwa zikifundishwa katika vitabu vya kusomea vya madarasa ya mwanzo nchini mwake, akazilinganisha na maneno yaliyokuwamo katika vitabu hivyohivyo. Hii ya irabu mbili ilifuatwa na maneno 309 na ikavunjwa na maneno 377. Kanuni ya 'e' ya mwisho isiyotamkwa ilipata asilimia 63, ambayo si haba lakini si ya kuapia. Ila alipoipima 'ee' peke yake, maneno 85 yaliitii na mawili tu yakaasi.

Tofauti hiyo ndiyo inayotuelekeza. Kanuni moja inayodai kuzitawala irabu zote zinazokaa pamoja huvunjika haraka, lakini jozi mojamoja, ikifundishwa kivyake, hutegemeka vizuri zaidi. Mfundishe binti yako 'ee' leo, 'ai' wiki ijayo, 'oa' baadaye. Mwonyeshe pia mahali jozi inapopenda kukaa, kwa kuwa hilo litamsaidia hata kuandika: 'ai' hukaa katikati ya neno, kama 'rain', na 'ay' hukaa mwishoni, kama 'day', kwa sababu maneno ya Kiingereza kwa kawaida hayaishii kwa 'i'. Vivyo hivyo 'oa' iko katikati ya 'boat', na 'ow' iko mwisho wa 'snow'. Jozi ya 'ea' iache mpaka nyingine zimetulia, maana ina sauti tatu: ya 'sea', ambayo ndiyo ya kawaida, ya 'bread', na ya 'great' ambayo maneno yake unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Neno 'said' ni la kukariri, wala hakuna kibwagizo kitakachoweza kuliokoa.

Kuhusu wimbo wenyewe, asikatazwe kuuimba. Akikwama kwenye neno, muulize "Jozi hii inasemaje?" badala ya kumuuliza ni irabu ipi inayoongea.

SWALI: Mtoto wangu wa Gredi ya Pili anaandika 'rane' badala ya 'rain', na 'bote' badala ya 'boat'. Anasoma vizuri lakini katika imla anapata alama za chini. Nifanye nini?
Mama, Nairobi

JIBU: Kwanza yatazame vizuri makosa hayo. Mtoto aliyeandika 'rane' ameisikia sauti sawasawa na ameiandika kwa mtindo halali wa Kiingereza; kilichomponyoka ni kuchagua mtindo unaotumika katika neno lile. Huyo yuko mbali sana na yule anayeandika 'ren'. Kuandika ni kugumu kuliko kusoma kwa sababu anayesoma huona 'ai' na kupata sauti moja, ilhali anayeandika husikia sauti moja na kulazimika kuchagua kati ya mitindo kadhaa. Hakuna kanuni itakayomwambia kwamba 'sale' ni ya mauzo na 'sail' ni ya tanga la jahazi. Mwekee daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila sauti, na ukurasa huo ugawanywe safu kwa kila mtindo, kisha kila neno jipya aliandike katika safu yake akilitamka. Maneno machache kwa siku yanatosha.

SWALI: Wanafunzi wangu wanasoma kitabu chao cha Kiingereza bila kukosea, lakini nikiwapa ukurasa wa kitabu kingine wanabaki kimya. Nitajuaje nani anasoma na nani amekariri?
Mwalimu, Mwanza

JIBU: Wape maneno yasiyokuwepo. England imekuwa ikifanya hivyo tangu mwaka 2012 katika upimaji wa foniksi kwa watoto wa miaka mitano hadi sita: mtoto husoma maneno 40 mbele ya mwalimu wake, 20 ya kweli na 20 ya kubuni, na pembeni ya kila neno la kubuni huchorwa kiumbe cha ajabu ili mtoto ajue kwamba halina maana. Wako wanaoupinga upimaji huo wakisema unawasumbua bure watoto wanaojua kusoma, na hoja yao ina uzito ukifanywa mtihani wa kutisha. Ukiufanya mchezo wa dakika chache utakuonyesha unachokitafuta, kwa sababu hakuna aliyewahi kukariri 'zate', 'doke', 'feep' au 'daip'.

Unapobuni maneno yako hakikisha kwamba si ya Kiswahili. 'Shike' na 'lete' yatawapotosha bila sababu. Msikilize kila mtoto peke yake, mbali na wenzake, maana darasa likiitikia kwa pamoja hutajua sauti ni ya nani. Anayesoma 'zate' kama "za-te" bado anasoma kwa macho ya Kiswahili, na dawa yake ni kipande cha manila nilichomweleza mwalimu wa Tanga. Anayesoma 'daip' sawasawa lakini anakwama kwenye 'zate' anazijua jozi, ila 'e' ya mwisho haijamwingia. Na maneno haya yabaki kwenye kusoma tu: ukiyaingiza katika imla, mmoja ataandika 'daip' na mwingine 'dape', wote watakuwa sahihi, nawe hutakuwa na sababu ya kumnyima alama yeyote kati yao.