Fuwele za parasetamoli zinatoka ukoko: kasoro imo ndani ya kidonge

SWALI: Nasoma kemia hapa Dar es Salaam. Nataka kukuza fuwele za parasetamoli zinazofaa kupimwa kwa eksirei ili nione jinsi molekuli zake zilivyopangana. Naponda vidonge, naloweka kwenye ethanoli, nachuja, kisha naacha bika wazi usiku kucha. Asubuhi nakuta ukoko mweupe tu. Tena, unga wangu unayeyuka kwenye nyuzi 169 za sentigredi, lakini wa mwenzangu, ambaye aliuyeyusha kwanza akauacha upoe, unayeyuka kwenye 157. Nani kakosea?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na la pili, maana ndilo tamu zaidi. Inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyekosea. Molekuli za parasetamoli zinaweza kujipanga kwa namna zaidi ya moja. Mpangilio wa kwanza, ulio imara kuliko yote katika hali ya kawaida, huyeyuka karibu na nyuzi 169. Wa pili huyeyuka karibu na 157, na njia rahisi ya kuupata ni hiyohiyo ya mwenzako: kuyeyusha, kupoza, kisha kupasha tena.

Hata hivyo, uchafu nao hushusha kiwango cha kuyeyuka, kwa hiyo msishangilie bado. Angalieni upana wa kuyeyuka. Dutu safi huanza na kumaliza ndani ya nyuzi moja au mbili, chafu hujivuta. Kisha fanyeni jaribio hili: chukueni unga wa mwenzako, tieni kwenye ethanoli ambayo tayari imejaa parasetamoli hadi haimumunyishi zaidi, ongezeni punje chache za unga wako, koroga kwa saa kadhaa, chuja, kausha, pima upya. Ikipanda hadi 169, ulikuwa mpangilio wa pili, na ule imara umeumeza. Ikibaki chini, ni uchafu.

Tofauti hii si ya daftarini tu. Katika mpangilio wa kwanza, vifungo vya haidrojeni vimeziunganisha molekuli katika matabaka yaliyopinda kama mabati ya mgongo, ambayo hayatelezi. Ndiyo maana unga wake ukigandamizwa peke yake hautoi kidonge kizuri. Matabaka ya mpangilio wa pili ni bapa, yanateleza, na unga wake unashikana vizuri. Na mwaka 1998 dawa ya UKIMWI iitwayo ritonavir ilibidi vidonge vyake vya kapsuli viondolewe sokoni, kwa sababu ulizuka mpangilio mwingine usiomumunyuka vizuri. Molekuli ilikuwa ileile.

Sasa ukoko wako. Kwa kuwa unga wa parasetamoli haushikani wenyewe, viwanda huongeza gundi, na mara nyingi gundi hiyo ni povidoni. Povidoni inamumunyuka kwenye ethanoli, kwa hiyo inapita kwenye chujio pamoja na dawa, kisha inang'ang'ania nyuso za fuwele na kuzizuia zisikue. Ukichuja mara kumi haitatoka. Kukimbilia maji ya moto moja kwa moja nako hakusaidii, kwani wanga uliomo kwenye kidonge unageuka uji na kuziba karatasi.

Tumia asetoni kwanza, kwa sababu inachukua parasetamoli na kuacha nyuma wanga pamoja na povidoni. Ponda vidonge vinne vya miligramu 500, tia mililita 40 za asetoni, koroga dakika kumi, chuja. Acha asetoni iruke kwenye kabati la hewa, yaani lile la maabara linalofyonza mvuke, mbali na moto wowote. Mabaki yamumunyishe kwenye mililita 50 za maji yanayokaribia kuchemka, chuja yakiwa moto kupitia faneli iliyopashwa, acha yapoe, kusanya fuwele. Rudia hatua ya maji mara moja.

Kukuza fuwele yenyewe kunataka utulivu. Bika wazi chini ya feni hukausha ethanoli haraka mno, na kiyoyozi kinachowaka na kuzima, au umeme ukikatika, hupandisha na kushusha joto la mmumunyo usiku mzima. Kwa hali ya Dar napendelea maji kuliko ethanoli. Kilo moja ya maji hubeba takriban gramu 17 za parasetamoli kwenye nyuzi 30, na chini ya 13 kwenye nyuzi 20. Pima gramu 1.1 ya unga safi kwa mililita 50 za maji, pasha hadi nyuzi 60, chuja kwenye chupa safi, funika. Iweke ndani ya deli lenye maji ya joto hilohilo, funga, usiliguse. Joto likifika kama 35, dondosha mbegu moja: fuwele ndogo, angavu, isiyo na ufa. Ikimumunyuka, umewahi, subiri kidogo, weka nyingine. Zikizuka nyingi ghafla, umechelewa. Pasha upya uanze tena.

Huhitaji fuwele kubwa. Milimita 0.1 hadi 0.3 kila upande inatosha. Ichunguze chini ya hadubini ya polaraizi, yaani yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana, ukiizungusha: fuwele moja halisi inaingia giza yote kwa pamoja kila baada ya nyuzi 90 za mzunguko. Sehemu ikibaki na mwanga, ni pacha, yaani fuwele zaidi ya moja zilizoungana, achana nayo. Iache ndani ya mmumunyo wake mpaka siku ya kupimwa.

Mashine ya eksirei ikitoa kisanduku (kipande kidogo kinachojirudia kujenga fuwele nzima) chenye molekuli nne na pembe moja isiyo mraba, ni mpangilio wa kwanza. Pembe hiyo inaweza kuandikwa karibu 98 au karibu 116, kutegemea jinsi kingo zilivyochaguliwa. Fuwele ni ileile, usidhani umegundua kitu kipya. Ukipata pembe zote mraba, molekuli nane, na ukingo mmoja wa takriban angstromu 17 (angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita), hapo una mpangilio wa mwenzako.