Fundi, simu inawasha gari? Na hii taa nayo ni ya nini?

Maswali ya safari hii yanatoka pande mbili: kwa wanaotaka kuacha ufunguo nyumbani wabaki na simu, na kwa walioona taa ikiwaka kwenye dashibodi wakanyamaza wakitumaini itazima yenyewe.

Fundi shikamoo. Nina Toyota IST. Nimeona video watu wanagusisha simu kwenye kitasa, mlango unafunguka. Kuna kijana hapa Ngamiani anasema atanifungia mfumo huo. Nimpe gari? (Kijana, Mikanjuni)

Marahaba mwanangu. Hao uliowaona, magari yao yametoka kiwandani na kazi hiyo. Tesla Model 3 ya mwaka 2017 ilikuja ikifunguliwa kwa simu kupitia Bluetooth, na mwaka 2020 Apple wakaanza na BMW. Kwenye kitasa kuna kisomeo cha NFC kinachoitambua simu ikiwa karibu sana, sentimita chache tu. IST yako haina kisomeo hicho, na hakuna programu utakayopakua ikakiotesha.

Anachotaka kukufungia huyo kijana ni boksi la pembeni lenye kitufe cha START na Bluetooth. Linafanya kazi, sikatai. Lakini muulize: immobilaiza utaifanyaje? Kama gari lako linayo, ndani ya plastiki ya ufunguo kuna chipu, na gari lisipoisoma injini haiwaki. Ili boksi liwashe bila ufunguo, mafundi wengi huchukua ufunguo wako wa pili, wanatoa chipu na kuibandika kwa selotepu karibu na tundu la swichi, nyuma ya plastiki ya usukani. Kuanzia siku hiyo gari linaamini ufunguo umo ndani usiku na mchana. Mwizi akishavunja kioo, kilichobaki ni waya tu.

Na hizo waya zenyewe! Hewa ya chumvi ya hapa kwetu Tanga haina huruma na viungio vilivyosokotwa kwa mkono. Vinaota kutu ya kijani taratibu, hadi siku gari linakuzimikia Segera usiku na aliyekufungia hapokei simu. Hela hiyo ningeitengenezea ufunguo wa pili wenye chipu, nikauficha nyumbani.

Mwanangu yuko ughaibuni, BMW yake anaifungua kwa iPhone. Simu ikiisha chaji atalala nje? (Mama, Raskazone)

Hapana mama, si mara moja. iPhone zenye uwezo huo hubakiza akiba: simu ikizima kwa kuishiwa chaji, ufunguo unaweza kuendelea kufanya kazi kwa muda usiozidi saa tano hivi. Akiba nayo ikiisha, hana ujanja, kwa hiyo atembee na ufunguo wa kawaida au kadi ya gari kwenye pochi, si ndani ya gari lenyewe. Bando si tatizo, maana kugusisha simu kwenye kitasa hakuhitaji intaneti. Kinachohitaji intaneti ni kufungua kutoka mbali kwa programu, na hapo lazima iwepo kwenye simu na kwenye gari pia. Simu ikiibiwa, ufunguo wake unafutika kwa mbali. Hilo ufunguo wa chuma hauliwezi.

Napeleka abiria Lushoto kwa Noah. Nikishuka kutoka Soni kuja Mombo, kwenye kona taa nyekundu ya kibirika inawaka sekunde moja, inazima. Gari halina shida nyingine. (Dereva, Kange)

Bwana, shida ndiyo hiyo. Kibirika hakipimi wingi wa oili, kinapima presha. Oili ikipungua kwenye sampo, yaani beseni la oili chini ya injini, gari likilala kwenye kona oili yote inakimbilia upande mmoja. Pampu inavuta hewa, presha inaanguka, taa inawaka. Sekunde hiyo unayoidharau, beringi za krenki zinazunguka karibu zikavu. Hesabu mwenyewe kona za barabara ile.

Kesho asubuhi, gari likiwa pahali tambarare na injini imepoa, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo, oili ya aina ileile. Kisha tafuta ilikokwenda: angalia madoa chini ya gari, na moshi wa bluu nyuma. Kama oili imetimia na taa bado inawakawaka hata gari likiwa limesimama, fundi apime presha kwa geji kabla hajakuuzia swichi mpya. Siku ikiwaka ikabaki, zima injini palepale pembeni ya barabara. Usiseme utafika Mombo.

Kipimajoto chekundu kinataka utiifu uleule, na taa ya breki pia kama handibreki umeshashusha. Taa nyekundu ya betri inakupa muda kidogo, lakini kwenye injini nyingine mkanda unaozungusha alteneta, ile inayochaji betri, ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo jicho liwe kwenye joto. Za njano ni za kupanga siku ya gereji. Ila ya injini ikiwa inapepesa badala ya kutulia, kuna silinda haichomi vizuri: punguza mwendo, usikanyage mafuta.

Passo yangu kila asubuhi inawasha taa ya bluu. (Mwalimu, Chumbageni)

Inakwambia maji ya injini bado baridi. Nenda taratibu, itazima baada ya dakika chache. Ikikaa bluu safari nzima, thamostati, kile kizibo kinachozuia maji hadi injini ipate moto, imekwama wazi, au kuna fundi aliitoa akasema nchi ya joto haiihitaji. Maneno hayo nayasikia kila gereji na si kweli. Injini isiyofikia joto lake inakula mafuta bure.

Nikiwasha gari, mwanamke anaongea Kijapani. Anasemaje? (Dada, Pongwe)

Mara nyingi anasema kadi ya ETC haijaingizwa. Ni ya kulipia barabara za kulipia huko Japani. Fundi umeme achomoe kile kiboksi, atanyamaza.

Gari langu ni la kubonyeza kitufe. Juzi sokoni Mgandini likagoma, likaonyesha ufunguo wa njano. (Mfanyabiashara, Tanga)

Hapo wa kwanza kumshuku ni betri ya rimoti. Kwenye Toyota nyingi kuna ufunguo mdogo wa chuma umefichwa ndani ya rimoti. Fungua nao mlango, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe, ukisikia mlio bonyeza. Kisha nunua betri yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani. CR2032 na CR1632 hazibadilishani.

Nataka kununua RAV4 kwa mtu. Dashibodi safi, haina taa hata moja. Nitoe hela? (Mnunuzi, Muheza)

Uliiangalia injini ikiwa inaunguruma, sivyo? Rudi. Weka swichi ON bila kuwasha injini. Ikiwa ni ya kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Hapo lazima zijitokeze: injini, kibirika, betri, ABS, airbag. Ambayo haikujitokeza, ndiyo ya kuulizia. Balbu hutolewa. Wengine huiunganisha waya taa ya airbag na ya kibirika zizime pamoja, kwa hiyo tazama kama zinazima kwa mpigo mmoja injini inapowaka.

Halafu peleka fundi na mashine ya kupimia. Kosa lililofutwa jana halionekani leo, ila mashine nyingi zitaonyesha kwamba vipimo vya ndani vya gari havijakamilika, maana makosa yakifutwa navyo huanza upya. Mwambie muuzaji mwende Muheza na kurudi, mpime tena mkifika.