Tuandikishe ubia au kampuni?

SWALI: Mhariri, mimi na wifi yangu tunapika mahamri, sambusa na mkate wa sinia nyumbani kwangu Kisauni, Mombasa. Kwa mwezi tunauza kwa takriban shilingi 300,000, na baada ya unga, mafuta, gesi na usafiri hubaki 45,000, ambazo tunagawana nusu kwa nusu. Wifi ameajiriwa, na mshahara wake umekwisha kuingia daraja la ushuru la asilimia 30; mimi sina pato jingine. Sasa hoteli moja inataka tuipelekee kila asubuhi, ila inadai mkataba na ankara za eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Ushuru (KRA). Tunaambiwa kampuni ni mzigo wa ushuru. Tufanyeje?
Mpishi, Kisauni

JIBU: Dada yangu, ubia mnao tayari. Kwa sheria ya Kenya, watu wawili wanaofanya biashara pamoja kwa nia ya kupata faida ni wabia, wawe wameandikiana au hawakuandikiana, na kila mmoja aweza kudaiwa deni lote la biashara. Wifi akichukua unga kwa mkopo na asilipe, muuzaji hatakudai nusu yako. Atakuja na bili nzima. Mgeni wa hoteli naye akidhurika kwa sambusa, madai yaweza kufika mpaka kwenye nyumba hiyo mnayopikia. Kuandikisha jina la biashara kupitia eCitizen, jambo ambalo wengi hudhani ndiyo kinga, hakubadilishi lolote katika hayo.

Tuje kwenye ushuru. Mauzo yenu ya mwaka ni 3,600,000, nayo yamo kati ya milioni 1 na milioni 25, kwa hiyo kwa kawaida mnaangukia TOT, yaani ushuru wa mauzo, ya asilimia 3, inayolipwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hiyo ni 9,000 kwa mwezi, yaani 108,000 kwa mwaka, na hutozwa kwenye mauzo wala si kwenye faida, hivyo hata mwezi ambao mafuta yamepanda na hamkubakiwa na kitu, mtailipa. Sheria inawaruhusu kujitoa kwenye TOT kwa kumwandikia Kamishna wa KRA, mkatozwa kwa faida. Hapo fungu lako la faida, 270,000 kwa mwaka, lingetozwa asilimia 10, yaani 27,000, na nafuu ya 28,800 apewayo kila mlipaji kwa mwaka ingeifuta yote. Fungu la wifi lingepandishwa juu ya mshahara wake na kutozwa 81,000. Hesabu hii, hata hivyo, inahitaji gharama zenu ziwe na ankara za eTIMS. Daftari lenye mafuta ya kupikia mliloliandika kwa kalamu ya risasi halitawafaa.

Kampuni ikitozwa kwa faida italipa asilimia 30 ya 540,000 za mwaka, yaani 162,000, na gawio, ile faida mtakayogawiwa kama wenye hisa, litakatwa asilimia 5 tena, na huo ndio mzigo mnaotishwa nao. Wanachosahau washauri wenu ni kwamba kampuni nayo yaweza kubaki kwenye TOT. Italipa 108,000, na mkigawana 432,000 zilizosalia, gawio litakatwa 21,600. Jumla ni 129,600, ambayo inazidi ile 81,000 ya ubia unaotozwa kwa faida kwa 48,600 kwa mwaka, mbali na malipo ya mhasibu na ritani ya kila mwaka kwa Msajili wa Makampuni.

Mimi ningelipa. Shilingi elfu nne na kidogo kwa mwezi kwa ajili ya kuitenga nyumba na madeni ya biashara, kwa kuwa kampuni hudaiwa yenyewe, si ghali, ingawa benki ikiwakopesha fedha za oveni huenda ikataka dhamana yenu binafsi, na hapo kinga hiyo hutoboka. Kama mngebaki kuuza mtaani tu, ningewaambia muandikiane mkataba wa ubia, basi.

Andikisheni kampuni kwanza, ipate PIN yake ya ushuru na akaunti yake ya benki, kisha mkataba wa hoteli utiwe saini kwa jina la kampuni. Ukitia saini leo kwa jina lako, deni la mkataba huo litabaki kuwa lako hata kampuni ikizaliwa kesho.